Masjala Inayojipanga Yenyewe

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, wilaya za Mbulu na Hanang

Natumaini kila kikundi kimekwisha kaa, na kiongozi wa kikundi ana chaki mkononi. Leo hatutazungumza habari za mahindi wala za ng'ombe. Tutazungumza habari za daftari.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twaijua sote. Lakini iko habari ya pili ambayo methali haikuitaja: jina laweza kupotea hali limo ndani ya daftari, na daftari liko mezani. Likiwa limeandikwa mahali ambapo mtafutaji hatalitafuta, ni sawa na jina ambalo halikuandikwa kabisa.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikizungukia madarasa ya kusoma na kuandika katika wilaya ya Mbulu. Siku moja nilifuatana na mama mmoja, mwanafunzi wa darasa letu, mpaka zahanati moja ambayo sitaitaja. Kadi ya mtoto wake ilikuwa imelowa mvua ikaharibika, naye alitaka kadi nyingine. Nesi alikuwa mtu mwema mwenye kazi nyingi. Akafungua kurasa za mwisho za rejesta, mahali ambapo majina yamepangwa kwa alfabeti pamoja na namba ya ukurasa. Akatafuta jina la baba wa mtoto, Hando. Halikuwamo. Akatazama rejesta ya mwaka wa nyuma. Halikuwamo. Akasema, "Mama, mtoto wako hayumo. Itabidi nimwandike kama mtoto asiyechanjwa."

Yule mama hakubishana. Alisogea, akautazama ukurasa ule uliokuwa juu chini mbele yake, akaweka kidole. "Nesi, si hili hapa?"

Lilikuwa limeandikwa Hhando, kwa h mbili, kama Wairaqw waandikavyo sauti ile ya kooni. Kwa hiyo halikukaa karibu na Hamisi. Lilikwenda chini, baada ya Hezroni. Mama huyu alikuwa amesoma darasani miezi mitatu tu.

Basi, kurasa zile za mwisho za rejesta ndizo somo letu la leo. Huitwa faharasa. Tutatazama jinsi faharasa inavyofanya kazi, jinsi watu walivyoifundisha mashine kuitunza bila kusukumwa, na ni kazi gani iliyobaki mikononi mwetu.

FAIDA YA KUPANGA

Chukueni daftari lenye majina 1,000 yaliyoandikwa kwa kadiri watu walivyofika. Ukitaka jina moja, hapana budi kusoma toka mwanzo; pengine utasoma yote 1,000. Sasa yapangeni majina hayo kwa alfabeti. Fungua katikati, uulize: jina langu liko kabla ya hili au baada yake? Nusu moja unaitupa. Katika nusu iliyobaki, fungua tena katikati. Ukiendelea hivyo, hutafungua zaidi ya mara 10.

Tutumie hesabu ya nchi yetu. Sensa ya mwaka 1967, ya kwanza baada ya Uhuru, ilihesabu watu 12,313,469. Kama majina yao wote yangepangwa katika daftari moja, mtafutaji angefungua mara 24 kwa wingi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Watu wameongezeka mara tano, lakini mtafutaji angefungua mara 26 tu. Hatua mbili zaidi! Hiyo ndiyo nguvu ya mpango.

Lakini kila mpango una gharama. Je, akija mtu mpya ambaye jina lake lapasa kukaa kati ya majina mawili yaliyobanana? Karani huandika pembeni. Akija wa pili, huandika juu ya mstari kwa herufi ndogo. Baada ya mwaka mmoja ukurasa hausomeki, naye karani hukaa siku kadhaa akinakili daftari zima upya. Ndugu zangu, kuitengeneza faharasa ni kazi ya mara moja, bali kuitunza ni kazi isiyokwisha.

KOMPYUTA YAINGIA

Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mambo hayakwenda kwa wepesi, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Katika miaka hiyo kazi kubwa ya nchi ilifanywa kwa kalamu. Mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kusikiliza mafunzo ya redio ya "Mtu ni Afya", kama mnavyokaa ninyi leo. Marufuku ile ya kompyuta ilikuja kulegezwa miaka ya 1980.

Huku nyuma, katika nchi za ng'ambo, mambo mawili makubwa yalikuwa yamegunduliwa mwaka mmoja, 1970.

La kwanza lilitoka kwa Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani. Yeye alisema kwamba habari ziwekwe katika majedwali yaliyo mepesi, na kila jambo liandikwe mahali pamoja tu, majedwali yaelekezane. Tutazame mfano wa kwetu. Mpaka mwaka 2002 wilaya za Mbulu na Hanang zilikuwa katika Mkoa wa Arusha. Mwaka huo ukazaliwa Mkoa wa Manyara. Kama kila rekodi ya kila mgonjwa ina neno "Arusha", karani atafuta na kuandika maelfu ya mara. Lakini kama rekodi ya mgonjwa yaonyesha zahanati tu, na jedwali la zahanati laonyesha wilaya, na jedwali la wilaya laonyesha mkoa, basi utabadili mistari michache tu katika jedwali la wilaya. Hazina ya habari iliyopangwa hivyo huitwa kanzidata ya majedwali yanayohusiana.

Codd aliuliza pia swali moja ambalo kwetu leo ni la maana sana. Zamani zile, mtu aliyeandika programu alipaswa kujua ipo faharasa gani, na kuitaja. Faharasa ikiondolewa, programu yake ilikufa. Codd akauliza: je, programu zaweza kuendelea bila kuharibika hali faharasa zikija na kuondoka? Alitaka jibu liwe ndiyo. Anayeuliza aseme tu anachotaka; mashine itafute njia. Ni kama wewe unayemwomba karani faili. Humwambii apite kabati gani. Na tangu siku faharasa ilipoacha kuwa shauri la muulizaji, ikawezekana kumwachia mashine kazi ya kuitunza.

DROO INAYOJIGAWA

Jambo la pili lilitoka kwa Rudolf Bayer na Edward McCreight, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya kampuni ya ndege ya Boeing. Makala yao ilichapwa katika jarida mwaka 1972. Nitaieleza kwa mfano wa masjala.

Fikirini droo ambazo kila moja inachukua kadi 100. Ukutani pana ubao wenye mistari 100. Kila mstari waeleza droo moja inaanza na jina gani. Droo 100 zenye kadi 100 ni kadi 10,000. Juu ya mbao 100 za namna hiyo weka ubao mkuu mmoja: sasa una kadi 1,000,000, nawe utazipata kwa kutazama mara tatu, yaani ubao mkuu, ubao mdogo, droo.

Je, droo ikijaa? Hapo ndipo ilipo akili ya watu hawa wawili. Droo iliyojaa hugawanywa mara mbili, nusu hapa na nusu pale, na mstari mmoja huongezwa kwenye ubao. Ubao nao ukijaa, hugawanywa vivyo hivyo. Ubao mkuu ukijaa, hugawanywa, na juu yake huzaliwa ubao mpya. Kwa hiyo masjala hukua kwenda juu, na kila droo hubaki na umbali sawa na wenzake toka mlangoni. Hakuna siku ya kufunga ofisi ili kunakili upya. Mpango huu wataalamu huufananisha na mti, nao hutumika hata leo katika kanzidata nyingi duniani.

UFAGIO WA USIKU

Lakini hata nyumba nzuri huingia vumbi. Iko programu ya kanzidata iitwayo PostgreSQL, iliyotokana na kazi iliyoanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley. Katika programu hii, rekodi ikibadilishwa, ile ya zamani haifutwi papo hapo, kwa kuwa huenda mtu mwingine bado anaisoma. Huandikwa nakala mpya, na ile ya zamani hubaki kama kadi iliyokufa. Kadi zilizokufa zikizidi, droo zinajaa takataka, na mtafutaji anachelewa.

Mwanzoni, mtunzaji alipaswa kukumbuka kupiga ufagio mwenyewe. Akisahau, kazi huenda polepole, na watu husema, "Mashine hii mbovu." Mwaka 2005 fundi wa kufagia aliingizwa ndani ya programu yenyewe, na tangu mwaka 2008 huanza kazi bila kuamriwa. Hufuata kanuni: hungoja mpaka rekodi zilizobadilika zizidi 50 pamoja na sehemu 20 katika kila 100 za jedwali. Kwa jedwali la rekodi 10,000, huamka zikizidi 2,050.

Ufagio huo huondoa kadi zilizokufa, lakini kwa kawaida haupunguzi idadi ya droo. Droo nyingi zaweza kubaki nusu tupu. Ndiyo maana mara kwa mara faharasa hujengwa upya. Zamani, wakati wa kuijenga, waandishi walisimama wakingoja. Tangu mwaka 2019 PostgreSQL yaweza kujenga faharasa mpya kando, watu wakiendelea na kazi, kisha ikaiondoa ya zamani. Ni kama kujenga daraja jipya kando ya la zamani, badala ya kubomoa kwanza na kuwaacha watu ng'ambo ya mto.

NANI AAMUE?

Limebaki swali gumu zaidi. Ni faharasa zipi ziwepo? Ya majina? Ya vijiji? Ya tarehe za kuzaliwa? Mtu mwenye pupa atasema zote. Lakini kumbukeni yule karani: kila mtoto mpya akija, hapana budi aandikwe katika faharasa zote. Faharasa 10 ni kazi 10. Faharasa isiyotumiwa ni kama ng'ombe asiyekamuliwa wala kulima, naye anakula majani kila siku.

Mwaka 1997 Surajit Chaudhuri na Vivek Narasayya wa kampuni ya Microsoft walitangaza njia ya kuifanya mashine ishauri. Huyatazama maswali ambayo watu wameuliza kweli, hukadiria gharama, kisha husema faharasa gani itafaa. Mwaka 2019 kampuni ya Oracle ilikwenda mbele: programu yake yaweza kutengeneza faharasa yenyewe, ikaificha kwanza, ikaijaribu kwa maswali halisi, na kuitumia ikiwa tu imeleta faida. Isiyotumika kwa muda mrefu huondolewa. Sikilizeni vema utaratibu huo: jaribu kwanza, pima, ndipo uamue. Ni utaratibu mzuri hata kwa mkulima mwenye mbegu ngeni.

HABARI ZA KWETU

Labda mtu mmoja katika kikundi anasema, "Mwalimu, haya ya Marekani yanatuhusu nini sisi wa Dongobesh na Katesh?" Yanatuhusu sana. Mwaka 1993 nchi yetu ilianza mpango wa MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Ndivyo vile vitabu vikubwa mnavyoviona zahanati. Mwisho wa mwezi hesabu za vitabu hujumlishwa, zikapelekwa wilayani. Katika miaka ya 2010 hesabu hizo ziliingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, ambao kazi yake yaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Nao mfumo huu huweka habari zake katika PostgreSQL, ile ile yenye ufagio.

Kwa desturi, DHIS2 hupangiwa kazi ya usiku. Watu wakiwa wamelala, mashine huchukua hesabu zilizoingizwa, hujenga upya majedwali ya ripoti pamoja na faharasa zake, hata asubuhi mganga mkuu wa wilaya akiuliza habari za chanjo ya surua kwa miaka mitatu, jibu huja upesi. Lakini lijueni jambo hili: hesabu iliyoingizwa leo mchana yaweza isionekane katika ripoti mpaka kazi ya usiku imalizike. Na kazi ya usiku ikikwama, ripoti ya asubuhi ni ya juzi, nayo haina haya usoni. Kwa hiyo palipo na kazi ya kujiendesha, hapana budi awepo mtu wa kutazama kila asubuhi kwamba imefanyika. Mbwa wa zizi akikaa kimya usiku kucha, mfugaji mwenye busara huenda kuhakikisha kama yungali hai.

JAMBO AMBALO MASHINE HAILIWEZI

Sasa turudi kwa yule mama. Je, mti wa Bayer ungemsaidia? La. Mti ungempeleka nesi kwenye Hando upesi sana, na upesi vile vile ungemwambia: hayumo. Faharasa hupanga kilichoandikwa. Haijui kilichokusudiwa.

Watu walijaribu kutatua jambo hili zamani. Mwaka 1918 Mmarekani Robert Russell alipewa hataza ya kupanga majina kwa sauti badala ya herufi. Katika njia iliyotokana na kazi yake, Hando na Hhando hupata alama moja, H530. Vema! Lakini njia hiyo hushika herufi ya kwanza ya jina. Kwa hiyo Qorro hupata Q600, na Korro hupata K600. Mtu ni yule yule, droo mbili. Njia iliyotengenezwa kwa majina ya Kizungu haikuwafikiria watu wa Mbulu.

Nasi hapa kwetu tuna lugha nyingi zisizofanana. Kiiraqw kina sauti ambazo alfabeti ya Kiswahili haina, na Kidatoga kadhalika. Hata miji yetu huandikwa kwa namna nyingi. Ile hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955 iko Haydom; wengine wameandika Haidom, wengine Hydom. Kule Hanang utaona Basotu na Bassotu. Kila namna ni droo yake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, iko kazi ambayo ni yetu, na hakuna fundi wa usiku atakayetufanyia. Chagueni namna moja ya kuandika jina la nyumba yenu, na watoto wote waandikwe hivyo: zahanati, shuleni, kwenye cheti cha kuzaliwa, kwenye hati ya shamba. Karani akimaliza kuandika, mwambieni kwa heshima, "Naomba nisome." Msione haya. Kosa la herufi moja ni jepesi kusahihisha siku ile ile, wino ukiwa bado mbichi. Baada ya miaka 20, mtoto akidai urithi wa shamba, kosa hilo hilo litataka mashahidi, viapo na nauli.

Nanyi makarani mnaosikiliza, msipoliona jina, msiseme upesi kwamba hayumo. Jaribuni h mbili. Jaribuni q mahali pa k. Kisha geuzeni kitabu, mwenye jina naye atazame.

Mtoto wa mama yule alipata kadi yake siku ile ile, na chanjo zake zote zilinakiliwa. Juu ya kadi jina liliandikwa kwa h mbili. Mama alilisoma herufi kwa herufi kabla ya kuifunga katika kipande cha nailoni.

Nawaaga kwa leo. Kwaherini.

MANENO MAPYA

Faharasa: orodha iliyopangwa inayoonyesha mahali pa kupata habari.
Masjala: chumba cha kutunzia mafaili na kumbukumbu za ofisi.
Kanzidata: hazina ya habari iliyopangwa katika kompyuta.
Hataza: haki anayopewa mtu aliyebuni jambo jipya.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini daftari lililopangwa lahitaji kazi zaidi kila jina jipya linapoingia?
2. Droo iliyojaa hufanywaje katika mpango wa Bayer na McCreight?
3. Kwa nini si vema kuwa na faharasa nyingi kupita kiasi?
4. Kila mmoja aandike ubaoni jina la ukoo wake. Je, limewahi kuandikwa kwa namna nyingine katika kadi au cheti? Kikundi kishauriane ni namna ipi ifuatwe.